Ubeti wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 2 Machi

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na mbele ya mashahidi ambao ni vyerehani viwili, pasi moja na paka asiye na adabu, natangaza rasmi kwamba kuanzia leo duka hili halibadilishi zipu. Mwenye zipu mbovu atafute pini. Tangazo limebandikwa mlangoni saa tatu asubuhi. Saa tatu na robo nimebadilisha zipu ya kwanza.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja. Sasa naona litabeba mengine, kwa sababu mchana ameingia mjukuu wa Mwalimu. Amerudi kutoka ng'ambo na shahada ya kutafsiri mashairi, kitu ambacho sikujua kinasomewa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Zipu hatubadilishi."

"Sijaja na zipu. Nimekuja na hili." Akatoa kwenye mkoba daftari la shule, jalada la kijani, kona zimeliwa na mende. Nikalitambua kabla hajalifungua. Mwandiko ni wangu, wa miaka thelathini na moja iliyopita.

Anataka kulitafsiri shairi la Mwalimu, bibi yake, beti zote sitini na nne. Kuna mchapishaji ng'ambo amekubali: ukurasa wa kushoto Kiswahili, wa kulia tafsiri. Ila mwandiko umefifia na macho ya Mwalimu yameingia ukungu, hivyo anahitaji mtu wa kumsomea kwa sauti, naye athibitishe ubeti kwa ubeti.

"Nani ataweza kuusoma mwandiko huu zaidi yako?" akaniuliza.

Nilikuwa na jibu, lakini halikuwa la kumwambia.

Jumanne, 3 Machi

Nimeshona kaptura nne za sare. Moja ina miguu miwili ya kushoto.

Jumatatu, 9 Machi

Tumeanza. Itakuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni, beti mbili kila siku. Mwisho ni tarehe 31 Mei, na mchapishaji ameandika kwamba tarehe hiyo haijadiliwi.

Mwalimu anakaa kwenye kiti chake cha mbao, mgongo wima kama yuko darasani bado. Mkononi ana kijiko. Ninaposoma anagonga meza: mizani moja, pigo moja. Mshororo una mizani kumi na sita, kwa hiyo mapigo kumi na sita, na la nane na la kumi na sita anagonga kwa nguvu kidogo, maana ndipo vina vinapokaa. Mshororo ukiwa sawa anasema, "Upite." Usipokuwa sawa anasema, "Rudi." Kisha mjukuu anasoma tafsiri yake, na Mwalimu, ambaye lugha ile haijui, anagonga nayo.

"Hii yako inachechemea," akamwambia.

"Bibi, siku hizi hawatafsiri kwa vina. Wanatafuta maana."

"Maana ilipotea? Mbona mimi nilikuwa nayo?"

Ubeti wa kwanza nauandika hapa, ili mkono wangu ukumbuke kazi yake:

*Mlango niliufunga, mauti hayakubisha,*
*Nikawa macho kuchunga, usiku ukinikesha,*
*Kumbe kwa ufa mchanga, mgeni alijipisha,*
*Kukicha natangatanga, nyumba yote yanitisha.*

Huyo ni Mwalimu. Milango, taa, kuta, visima. Mimi utungaji nilijifunza kwake bila yeye kujua: duka langu la kwanza lilikuwa chini ya dirisha la darasa lake, naye akifundisha arudhi, kanuni za utunzi wa mashairi, kwa sauti ya kusikika sokoni. Shule niliiacha darasa la saba. Mizani nilijifunza kwa mguu, nikikanyaga cherehani.

Beti mbili zimepita. Zimebaki thelathini na nane kabla ya ule.

Jumatano, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Beti za 3 na 4 zimepita.

Ijumaa, 13 Machi

5 na 6. Mwalimu amenirudisha mara tatu kwa sababu nilikohoa katikati ya mshororo. "Kikohozi si mizani," amesema.

Jumapili, 15 Machi

Heri niandike, maana nisipoandika nitamwambia paka, na paka wetu hana siri.

Mwalimu alikuwa na binti mmoja. Binti alijifungua, na siku ya sita akafariki. Wiki tatu baadaye nilimpelekea Mwalimu gauni jeusi nililompunguzia. Nilimkuta sebuleni, macho yamevimba, kalamu na karatasi tupu mbele yake.

"Fundi, unajua kuandika?"

"Najua, Mwalimu."

"Kaa."

Akanisomea shairi zima kutoka kichwani, tangu mchana hadi jua lilipokaribia kuzama. Mimi niliandika kama mtu anayeshona sare za shule nzima: mkono unakwenda, akili imebaki nyuma. Alipomaliza alisema, "Nimelisema mara moja. Sitalirudia, na mtu asinisomee." Akaingia chumbani.

Nilirudi dukani mvua ikinyesha. Daftari likalowa. Mtu mwingine angelianika. Mimi ni fundi cherehani, na kitu kikilowa nakipiga pasi. Ilikuwa pasi ya mkaa. Kurasa arobaini, kila mmoja na ubeti wake, zilinyooka vizuri sana. Ukurasa uliofuata ulitoka na tundu la umbo la pasi, safi, kama limekatwa kwa mkasi. Ubeti wa arobaini na moja ulikuwa jivu.

Nimrudie Mwalimu nikamwambie, "Samahani, sehemu binti yako alipokuwa anakata roho nimeiunguza, hebu rudia"? Nilijaribu. Nilifika mlangoni, nikamsikia analia, nikarudi.

Kwa hiyo nilinunua daftari jipya, lile la kijani, nikanakili upya kila kitu. Na pale penye tundu nikatia kiraka:

*Mwanangu nimempima, kwa macho si kwa utepe,*
*Nguo yake ya huruma, nimeikata nyeupe,*
*Pindo nimeacha nyuma, akirefuka mumpe,*
*Uzi wangu ukikoma, shoneni na msitupe.*

Nilimpa binti aseme, kwa sababu beti za jirani zilikuwa zinamhusu yeye. Nilidhani hakuna atakayeuona. Mkuu wa shule akalichapa shairi kwenye gazeti la walimu, redio ikalichukua, na kati ya beti sitini na nne watu wakaupenda mmoja. Wanawake wanausoma wakimuaga bibi harusi. Suti-Kamili, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ameuandika kwenye kibao cha duka lake kwa rangi nyekundu, na ameukosea mizani.

Mwalimu hajawahi kukubali shairi lisomwe mbele yake, mpaka sasa.

Jumatatu, 16 Machi

7 na 8. Mvua.

Ijumaa, 20 Machi

11 na 12. Mvua. Nimemweleza mke wangu. Tumeishi miaka ishirini na sita na hili sikuwahi kumwambia. Aliacha kuchambua mchele, akaniangalia kwa makini, akasema, "Yaani ule wa harusi yetu, uliosomwa na shangazi yangu, nikalia mpaka wanja ukanishuka, ni wako?"

"Ni wangu."

"Na ukanitazama tu ninavyolia."

"Nilifurahi."

"Baba watoto, wewe nyamaza. Ulichoshona hakina jina ndani. Nani atajua?"

Ijumaa, 27 Machi

17 na 18. Baada ya kusoma, mjukuu amenifuata dukani. Nilikuwa napima mabega ya koti, pini sita mdomoni. Faida ya pini mdomoni ni kwamba hakuna anayetarajia ujibu. Nilidhani hivyo.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akaniambia kwamba ana ubeti mmoja ambao ameutafsiri mara ishirini na haujamridhisha. Nilijua ni upi kabla hajautaja. Alikuwa na miaka tisa, mwalimu wa darasa akausoma, wenzake wakageuka kumtazama. Hapo ndipo alipojua kwamba mama yake aliwahi kumwachia neno.

"Sina picha yake hata moja ambayo tupo wote, Fundi. Nina mishororo minne. Nikienda usaili naisoma. Nikiwa ndani ya ndege naisoma."

Nikahamisha pini upande wa pili wa mdomo.

"Lakini kuna kitu kinanisumbua. Nimehesabu. Shairi zima Bibi anataja milango, taa, visima. Ubeti ule peke yake una utepe, pindo na uzi. Na Bibi hajawahi kushona hata kifungo."

Pini moja ilinichoma ulimi.

"Kwa hiyo nikawaza, maneno yale si ya Bibi."

Nilisikia mvua ikipiga bati.

"Ni ya Mama mwenyewe. Bibi aliyachukua kama alivyoyasema. Mama alikuwa anashona, sivyo? Aliwahi kuja hapa?"

Alikuja mara moja, na huo ni ukweli. Mimba ilikuwa na miezi sita, akataka gauni la bluu liachiwe nafasi ubavuni. Alisimama pale pale alipokaa binti yake leo, akalalamika kwamba duka lina joto.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Maswali yalikuwa mawili na kichwa kimoja. Alichukua yote.

Jumamosi, 28 Machi

Nimeharibu koti.

Jumatano, 1 Aprili

21 na 22. Mwalimu leo hakurudisha hata mshororo mmoja. Kijiko chake kinakwenda sawasawa kama saa ya ukutani. Nilipomaliza alisema, "Uliandika vizuri, Fundi. Hukuongeza wala hukupunguza." Sijui kama ilikuwa sifa. Yule mama akikusifu unatafuta mlango.

Jumatatu, 6 Aprili

25 na 26. Mvua. Barabara imekuwa supu.

Ijumaa, 10 Aprili

29 na 30. Mjukuu amekuja na karatasi ya mchapishaji. Mwalimu atie sahihi kwamba "beti zote sitini na nne ni zangu mimi mwenyewe, na hakuna sehemu iliyotungwa na mtu mwingine." Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili haikuwa imebadilika.

Kwa hiyo si suala la kunyamaza tena. Nikinyamaza, mwanamke wa miaka themanini na tatu ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa mwanafunzi aliyefeli atatia sahihi uongo wangu.

Jumatatu, 13 Aprili

31 na 32. Nilikwenda mapema kusudi nimwambie Mwalimu kabla mjukuu hajafika. Nikamkuta mjukuu anamsuka nywele. Nikarudi kwenye kiti changu nikakaa kama mzigo.

Ijumaa, 17 Aprili

35 na 36. Leo amesoma dibaji yake kwa sauti, mbele yangu. Mwalimu alikuwa amekwenda kuoga.

"'Mama yangu alikuwa mshonaji,'" akasoma. "'Nilipokuwa tumboni alikuwa tayari ananikatia nguo. Fundi wa mtaani, aliyemfahamu, amenithibitishia.'"

Akanitazama. "Nimekosea mahali?"

Safari hii sikuwa na pini mdomoni.

"Sentensi ya pili ni ndefu," nikasema.

Mke wangu nilipomsimulia aliacha kula. "Sasa umemzalia mama mwingine. Mimi nilikwambia unyamaze, sikukwambia utikise kichwa."

"Na sasa unaniambiaje?"

"Sasa nakwambia kaseme. Na usiseme ni mimi niliyekwambia unyamaze."

Jumatano, 22 Aprili

39 na 40. Ubeti wa 40 unaisha na binti kitandani, anafumbua macho, anawaita walio karibu. Baada ya hapo msikilizaji anasubiri aseme. Mwalimu aliweka kijiko chini.

"Ijumaa," akasema. "Leo nimechoka."

Ijumaa, 24 Aprili

Mwalimu ana homa. Hatukusoma.

Jumatatu, 27 Aprili

Homa. Nimefurahi. Nimeiona furaha hiyo nikaionea haya, ila haikuondoka.

Jumatano, 29 Aprili

Homa imeshuka. Mjukuu amekonda kuliko mgonjwa. Anasema tukianza tena Jumatatu, kwa wiki nne kamili tutamaliza tarehe 29 Mei, bila siku moja ya ziada. Suti-Kamili amepaka kibao chake rangi upya. Kosa amelihifadhi.

Ijumaa, 1 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mwalimu ametuma salamu: Jumatatu nije, na nisichelewe.

Jumatatu, 4 Mei

Nimefika saa tisa na nusu. Viatu nimeviacha mlangoni, vimejaa tope. Mwalimu alikuwa ameshakaa, shali mabegani, kijiko mkononi. Mjukuu alikuwa pembeni na kalamu.

"Mwalimu," nikasema, "kabla hatujaanza, nina neno."

"Neno lako lina mizani?"

"Halina."

"Basi lisubiri lenye mizani lipite. Soma."

Nikasoma. Mshororo wa kwanza, *Mwanangu nimempima*, kijiko kikagonga, nane na nane. Wa pili kikagonga. Wa tatu kikagonga polepole. Wa nne sikukisikia kabisa.

Mvua peke yake.

"Rudi," akasema.

Nikarudia tangu mwanzo. Safari hii hakugonga kitu. Alikuwa amekikumbatia kijiko kifuani kwa mikono miwili. Mjukuu alikuwa anatoa machozi na kutabasamu kwa pamoja, midomo yake ikinifuata neno kwa neno.

"Rudi."

Nikarudia mara ya tatu. Kwenye *uzi wangu ukikoma* sauti yangu ilikatika kabla ya uzi.

Mwalimu alikishusha kijiko kutoka kifuani. Kisha akagonga meza mara moja.

"Upite."

Mjukuu alimkumbatia. Yeye akampapasa kichwa, akamwambia, "Mama, dawa zangu zimekwisha. Nenda duka la dawa kabla hawajafunga, chukua mwavuli wa Fundi." Alisubiri mpaka mlango ukafungwa, na hatua zikaisha uani.

"Haya, Fundi. Uliupotezaje?"

Sikuelewa mara moja. Nilielewa mara ya pili.

"Kwa pasi," nikasema.

"Pasi." Alicheka kidogo, pumzi tu. "Miaka yote nilidhani panya. Kumbe pasi."

"Mwalimu, ulijua?"

"Redio iliusoma wiki ileile lilipotoka gazeti. Nilikuwa jikoni. Nikasema, huyu anayepima watu kwa macho ni nani? Mwanangu alikuwa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Nikakujua hapo hapo. Ndiyo maana sikutaka lisomwe mbele yangu. Watu walidhani ni majonzi. Nilikuwa naogopa mtu aniulize nikiwa nimekaa hapa, nami uongo siuwezi."

"Mbona hukunisahihisha?"

"Nikusahihishe nini? Mizani ilikuwa kamili."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikamuuliza nilichokuwa nakiogopa miaka yote: wake ulikuwa unasemaje?

Alinyoosha shali. Akanieleza bila kupamba, kama mtu anayesoma orodha ya vitu. Binti yake alikuwa na homa kali na maumivu. Mtoto alikuwa analia chumba kile kile, hanyamazi. Binti alifumbua macho, akawaita, wakainama wote kumsikiliza. Akasema: "Mtoeni mtoto huyu, nipumzike." Wakamtoa. Akapumzika.

"Hayo ndiyo niliyoyatia kwenye vina," akasema Mwalimu. "Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Mungu, nikamkasirikia na kile kitoto, siku sita tu duniani. Nikakipigia ubeti. Redio iliposoma wako, Fundi, nilikaa chini sakafuni nikashukuru. Nilisema, kumbe kuna mtu amenifichia."

"Na wako bado unaukumbuka?"

"Nimeusahau. Nimebaki na alichosema, vina vimekwenda."

Nikamwambia kuhusu karatasi ya sahihi. Nikamwambia kuhusu dibaji, kuhusu pini, kuhusu kichwa changu. Alisikiliza. Alipojibu alikuwa Mwalimu yule yule wa dirishani.

"Ubeti niliupitisha mimi, huo nitaujibia. Kichwa ulikitikisa wewe."

Mjukuu aliingia, amelowa, anacheka, dawa mkononi. "Fundi, mwavuli wako una matundu!"

Jumatano, 6 Mei

43 na 44. Sikumwambia.

Ijumaa, 8 Mei

45 na 46. Sikumwambia. Mke wangu ameacha kuniuliza, jambo ambalo ni baya zaidi.

Jumatatu, 11 Mei

47 na 48. Nimemwambia.

Nilimwomba apite dukani. Nilikaa mikono mitupu, bila pini wala chaki, nikamweleza pasi, tundu, daftari jipya. Nikamweleza gauni la bluu. Nikamweleza kwamba mama yake sikuwahi kumwona na sindano.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo ndani ya ndege nilikuwa nakusoma wewe."

"Ndiyo."

"Usaili wote. Wewe."

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiniite hivyo. Umeniita hivyo kwa vina miaka thelathini na moja." Alisimama, akakaa tena. "Alisema nini? Ukurasa ulioungua ulisema nini?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Kwa miaka thelathini na moja ingekuwa kweli, ila kwa wiki moja sasa haikuwa kweli tena.

"Muulize Bibi yako," nikasema. Najua ni woga. Nimeuandika kwa jina lake.

Jumatano, 13 Mei

49 na 50 zimesomwa, ila mwanzoni nilikalishwa barazani, mlango ukiwa wazi. Sikusogea. Nilimsikia Mwalimu akisema yale yale kwa sauti ile ile.

"Ulikuwa unalia. Alikuwa na maumivu. Akasema tukutoe apumzike."

"Basi?"

"Basi, mama. Kisha alilala."

"Hakusema jina langu?"

"Ulikuwa hujapewa."

Baadaye niliitwa ndani. Nikasoma. Kijiko kikagonga. Mjukuu aliandika kila kitu, mgongo wima. Kwa mara ya kwanza niliona wanafanana.

Ijumaa, 15 Mei

Mjukuu hakutokea. Mwalimu alinifanya nisome 51 na 52, akazipitisha, tukakaa. Kila hatua uani aligeuza kichwa.

Jumamosi, 16 Mei

Nimepita mara mbili mbele ya nyumba yao nikijifanya natafuta paka. Paka nilikuwa nimembeba.

Jumatatu, 18 Mei

Amekuja. 53 na 54. Hakunisalimia, lakini amerudisha mwavuli. Matundu yamezibwa kwa nailoni, mishono mikubwa mibaya, ya mtu asiyejua kushona, kama mama aliyemzaa.

Jumatatu, 25 Mei

59 na 60. Mvua imepungua. Amenisalimia: "Shikamoo," bila Fundi. Nimeipokea yote.

Ijumaa, 29 Mei

63 na 64. Mwalimu aligonga mshororo wa mwisho, akaweka kijiko mezani, akasema, "Haya." Hiyo ndiyo sherehe tuliyofanya.

Karatasi ya sahihi ikaletwa. Mwalimu akasema, "Futa sitini na nne. Andika sitini na tatu ni zangu, na mmoja wa fundi."

"Mwalimu, usinitaje," nikasema.

"Nani amekutaja? Nimesema fundi. Mafundi wako wengi."

"Suti-Kamili ataapa ni yeye."

"Mwache aape. Mizani itamuumbua."

Akatia sahihi, herufi kubwa, akipapasa ukingo wa karatasi kwa kidole.

Kisha mjukuu akanigeuzia kurasa mbili za ubeti wa arobaini na moja. Kushoto umekaa ubeti wangu kama ulivyo. "Watu wanaujua," akasema. "Nikiutoa watanipiga mawe." Kulia, mahali pa tafsiri, palikuwa na mstari mmoja tu katikati ya karatasi nyeupe. Nikamwomba anirudishie kwa Kiswahili.

"*Mtoeni mtoto huyu, nipumzike.*"

"Lakini haulingani na wa kushoto," nikasema.

"Najua."

"Ulikuwa na mishororo minne mizuri, ukaibadilisha na huu?"

"Ile ni mizuri, Fundi." Aliniita Fundi. "Lakini huu ni wa kwake. Nilikuwa chumbani, nikasikika, akanijibu. Mimi sina kingine cha kwake."

Dibaji ameifuta yote. Ameacha tarehe mbili za mama yake.

Nilihesabu bila kutaka, kwa mguu, chini ya meza. Mizani kumi na nne. Mbili pungufu. Mwalimu naye alikuwa amekishika kijiko, na nilijua amehesabu. Tulitazamana, kadiri mtu anavyoweza kutazamana na macho yale.

"Upite," akasema.

Jumamosi, 30 Mei

Mswada umetumwa, siku moja kabla ya tarehe isiyojadiliwa. Jua limetoka. Nimeanika vitambaa vyote, na mke wangu amenisomea ubeti wa harusi yetu kutoka jikoni kwa sauti ya kejeli, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea.

Ijumaa, 12 Juni

Mchapishaji amejibu. Kurasa hazitoshi. Watachapa beti ishirini za mwanzo.